Mashine Iliyosomeshwa na Kiboko

Mpo?

— Tupo!

Masikio mmekuja nayo?

— Tumekuja nayo!

Na midomo?

— Tumeifunga!

Basi ifungueni kidogo mniitikie. Paukwa!

— Pakawa!

Nimtoe mkubwa au nimtoe mdogo?

— Watoe wote wawili, tuwatazame!

Hapo kale, si kale sana, kale ile ambayo waya zilikuwa zimeshafika porini, palikuwa na bonde liitwalo Mkwaru. Wapo wanaosimulia kwamba mkubwa wa kisa hiki alikuwa Nyati. Wanakosea. Nyati hula majani yake akaenda zake. Huyu alikuwa Kiboko, na katika nyumba yetu hajawahi kubadilishwa.

Juu ya bonde, kwenye mawe, aliishi Pimbi. Pimbi mnamjua. Ni mnyama mdogo, mviringo, hana mkia wa kujivunia, na ukimwona kwa mbali anaota jua utadhani ni jiwe lililoota manyoya. Pimbi alikuwa na mtoto mchanga, na mtoto alikuwa na kiu. Lishikeni hilo. Mengine yote yanatoka hapo.

Chini ya mawe palikuwa na bwawa, na bwawa lilikuwa na lango, bamba zito la chuma linalopanda na kushuka. Likipanda, kwaru-kwaru-kwaru, maji yanatoka. Likishuka, ngo! yanakoma. Kila mtaa ulikuwa na mfereji wake na waya wake, na mwisho wa waya palikuwa na kitufe na tundu la kusemea; kitufe kingine, cha wote, kilikuwa langoni. Mwenye kiu alibonyeza kitufe, akasema kama asemavyo mtu yeyote aliyelelewa, akifika mlangoni pa mwenzake:

"Hodi! Hodi! Hodi! Sisi wa mtaa fulani, tunaomba maji yetu."

Kisha anangoja. Kama hakuna aliyemtangulia, lango linaitika, "Karibu!" na kwaru-kwaru-kwaru, maji yanakwenda mtaani kwake. Haikuwa sheria. Ilikuwa adabu tu, na adabu ilitosha.

Msimamizi Mkuu wa Maji alikuwa Kiboko. Aliipataje kazi hiyo? Alikutwa ndani ya bwawa, na hakuna aliyeweza kumtoa. Wakaona afadhali wampe cheo.

Sasa, siku moja ya kiangazi, lango lilipanda lenyewe. Hakuna aliyebonyeza. Hakuna aliyepiga hodi. Kwaru-kwaru-kwaru! Maji yakatoka, yakapita mitaa yote bila kusimama, yakaenda kwa mbweha wa ng'ambo ya vilima. Wanyama wakatafuta nyayo za mbweha, wasizione. Mbweha hawakuja kwa miguu. Walikaa kwao kivulini, wakaingia kwa waya. Mwizi wa namna hiyo huitwa mdukuzi: mkono wake uko kwake, na mali yako iko mkononi mwake.

Kiboko alikasirika sana. Mitaa ilikuwa na kiu, lakini hilo silo lililomkasirisha. Kidimbwi chake cha kuogelea, nje tu ya lango, kilikuwa kimepungua mpaka kitambi chake kikabaki nje, na watu wakakiona.

Akaitisha mkutano. Mkutanoni alikuja na Kunguru, yule wa kola nyeupe, anayevaa kola hata wakati wa kula mzoga. Kunguru alikuwa amebeba sanduku lenye jicho la kioo.

"Ndugu wananchi," Kunguru akasema, "hii ni akili mnemba. Akili ya kutengenezwa. Hailali, haili, haina shemeji wa kumpendelea. Jicho lake litakuwa langoni na sikio lake kwenye waya zote. Mdukuzi akigusa tu, titititi! Lango ngo!"

Nyumbu, ambao hukaa mbele katika kila mkutano, wakasema kwa pamoja, "Ndiyo, mkuu!"

"Itamjuaje mdukuzi?" sauti ndogo ikauliza kutoka nyuma.

"Inajifunza yenyewe," Kunguru akajibu. "Unaiweka, inatazama. Inachokiona kila siku, inasema hiki ndicho cha kawaida, kipite. Isichokiona kila siku, inasema hiki si cha kawaida, kizuiwe. Na ikishamwita mtu mdukuzi, amekwisha. Haisahau, haisamehe."

"Na itajifunza kwa nani?" sauti ikauliza tena.

Kiboko akageuza shingo, kama alikuwa nayo. "Nani anauliza? Simwoni mtu. Nasikia jiwe linaongea."

Nyumbu wakacheka, he-he-he, wengine bila kujua wanacheka nini.

"Ni mimi, Pimbi, mheshimiwa."

"Oh, Pimbi. Kaa chini. Au umekaa tayari? Haya. Itajifunza kwangu. Mashine ya maana inafundishwa na mtu wa maana. Kuanzia leo mpaka mwezi mwandamo, asionekane mtu langoni. Asibonyeze mtu kitufe. Sitaki mje mniharibie mtoto na vijitabia vyenu vya mitaani."

"Mwezi mzima tutakunywa nini, mheshimiwa?"

"Umande. Ninyi wa mawe si mnaupenda?"

"Ndiyo, mkuu!" wakasema nyumbu, ambao hawakuwahi kuonja umande.

Pimbi akarudi juu ya mawe. Mtoto akauliza kwa macho, maana hajajua kusema. Pimbi akamlambisha umande wa asubuhi, akalala kifudifudi ukingoni mwa jiwe, akatazama bwawa. Watu wakiambiwa wasitazame jambo, Pimbi hulitazama jambo hilo hilo.

Akaona nini?

— Tuambie!

Alimwona Kiboko akija, tindi, tindi, tindi. Hakubonyeza kitufe. Hakupiga hodi. Msimamizi apige hodi kwa nani? Akapiga bamba teke, akapayuka:

"Fungua, we debe!"

Kisha akayafungulia maji mwenyewe, kwa gurudumu la chuma lililokuwa pembeni kwa ajili ya siku ambazo waya zinagoma. Akanywa, gubu-gubu-gubu. Akajaza kidimbwi chake. Maji yaliyobaki akayamwaga mchangani apate matope ya kugaagaa. Na jicho la kioo likatazama.

Kesho yake, tindi, tindi, tindi. Teke. "Fungua, we debe!" Gubu-gubu-gubu. Na jicho likatazama. Keshokutwa vilevile. Mwezi mzima vilevile. Lilipofika mwisho, sanduku lilikuwa limekomaa. Lilikuwa limemwona mtu mmoja tu duniani, na mtu huyo ndiye aliyekuwa kipimo chake cha wema.

Siku ya mwisho Kiboko akaagiza gurudumu la chuma ling'olewe. "Ushamba," akasema. "Tuna akili mnemba, tunazungusha chuma kama tunasaga mtama?" Gurudumu likayeyushwa, ikatoka medali, na medali akavaa Kiboko.

Mwezi ukaandama. Mitaa ikaambiwa sasa nyweni. Walikuja na ndimi kavu kama magome. Swala akatangulia, mama wa watu, mpole, akabonyeza kitufe cha langoni.

"Hodi! Hodi! Hodi! Sisi wa Nyasi Ndefu, tunaomba…"

Titititi! Titititi! "Mdukuzi! Mdukuzi!" Lango ngo!

Swala akaruka nyuma. "Samahani," akaliambia sanduku. "Labda nimesema vibaya." Akarudia kwa adabu zaidi. Sanduku likapiga kelele zaidi.

Wakaja nyumbu. "Hodi! Hodi! Hodi!" Titititi! Ngo! Wakaja kanga, wakaja ngiri, akaja hata digidigi ambaye hupiga hodi kwa kunong'ona. Titititi! Ngo! Mdukuzi! Mdukuzi!

Mnadhani Kiboko aliona haya? Kiboko alifurahi mpaka akapiga mbweu.

"Unaona?" akamwambia Kunguru. "Unaona wezi tuliokuwa tunaishi nao? Kumbe nchi nzima!"

"Ufanisi wa hali ya juu, mkuu," akasema Kunguru.

Pimbi alikuwa wa mwisho kwenye mstari, na zamu yake ikafika. Akanyoosha mguu kwenye kitufe, akausimamisha hewani. Akalitazama sanduku. Akamtazama Swala, aliyekuwa bado anaomba radhi. Akaurudisha mguu.

"Hubonyezi?" akauliza Kunguru.

"Sina kiu," akasema Pimbi, na ulimi wake ukagoma kumeza uongo huo kwa ukavu.

Akarudi juu ya mawe. Mtoto alikuwa amelala vibaya, mdomo wazi. Kitufe cha mtaa wa Mawe kilikuwa kwenye nguzo fupi karibu na tundu lake. Pimbi akasimama mbele ya nguzo. Mama yake alimlea vizuri, na jambo alilotaka kulifanya lilimpa aibu hata mbele ya mijusi. Akageuka huku, akageuka huku. Akafumba macho. Akaipiga nguzo teke.

"Fungua, we debe!"

Kutoka kwenye tundu la kusemea ikaja sauti laini kama mafuta ya nazi:

"Karibu sana, mheshimiwa."

Kwaru-kwaru-kwaru! Maji yakapanda mfereji wa mawe, mwembamba kama mkia wa panya, lakini ni maji. Mtoto akanywa, akakohoa, akanywa tena. Pimbi akamtazama mpaka aliposhiba, ndipo naye akainamisha kichwa.

Asubuhi akashuka mtaani kutoa siri.

"Dada Swala, usipige hodi. Piga teke, tukana."

Swala akashika kifua. "Nitukane? Mimi?"

"Debe tu. Si tusi kubwa."

"Pimbi mwenzangu, mama yangu angenisikia kaburini. Nitakufa na kiu, lakini nitakufa na adabu zangu."

"Basi kufa, dada, lakini watoto wako wamekukosea nini?"

Swala akalia, akajaribu. Alipiga nguzo teke dogo la kuombea radhi, akasema, "Fungua… we… debe, tafadhali." Titititi! Mdukuzi! Nyumbu nao wakajaribu, hao walitukana vizuri sana. Titititi! Walikuwa wamechelewa. Sanduku lilishawaita wezi, na sanduku halisahau.

Kwa hiyo katika bonde zima la Mkwaru, waliobaki waheshimiwa ni wawili: Kiboko na Pimbi. Wanyama wakapanga mstari kwenye mfereji wa mawe, shingo juu ya shingo, na kila mmoja akapata maji ya kulowesha ulimi. Pimbi akaona kwamba hii haitafika mbali.

Akamwendea Kunguru. "Mwalimu, sanduku lako haliwezi kusahaulishwa? Lianze upya, lifundishwe na mitaa yote?"

"Linaweza," akasema Kunguru, akinyoosha kola. "Ni kazi ya kufumba na kufumbua. Lakini kwa amri ya Msimamizi tu."

Akamwendea Kiboko. Kiboko alikuwa amelala kidimbwini.

"Lisahau?" akasema. "Lisahau wezi wote hao? Pimbi, kichwa chako ni kidogo, silaumu. Toka juani mwangu."

Na mchana ule ule, wakiwa bado wanasema, lango likapanda. Kwaru-kwaru-kwaru! Maji yakatoka, yakapita mitaa yote, yakaelekea vilimani kwa mbweha. Mbweha, mkumbuke, hawajawahi kupiga hodi tangu wazaliwe, sawasawa na mwalimu wa sanduku. Na sanduku, kwa sauti ya mafuta ya nazi, likasema:

"Karibuni sana, waheshimiwa."

Kiboko akaona maji yanashuka, yanashuka, mpaka kitambi kikatokeza tena. Akanguruma, "Nani anakunywa maji yangu? Kunguru! Uliza hilo debe lako!"

Kunguru akauliza, akasikiliza, akarudi anatabasamu. "Habari njema, mkuu. Hakuna mdukuzi hata mmoja. Ni waheshimiwa tu."

"Ah," Kiboko akasema, akatulia. "Kama ni waheshimiwa, sawa."

Pimbi aliyasikia hayo kwa masikio yake mwenyewe. Akapanda mawe yake taratibu, akakaa kando ya mtoto, akahesabu kwa macho mistari ya matope ukutani mwa bwawa, kila mstari chini ya mwenzake. Mbweha wakija mara nyingine mbili tatu, hakutakuwa na bwawa. Kutakuwa na shimo lenye Kiboko, medali na sanduku.

Akafikiri jua likapanda. Akafikiri jua likashuka. Kisha akacheka, ki-ki-ki. Huyo ndiye Pimbi. Akicheka hivyo, ukiwa mkubwa, hama.

Wageni walikuwa wanakuja. Korongo wa Ziwa la Mbali walisikia habari za sanduku, wakasema watafika kulitazama. Pimbi hakujua lolote juu ya wageni hao, ila kwamba wana shingo ndefu. Hilo likamtosha. Akaenda kidimbwini.

"Mjomba, shikamoo."

"Marahaba. Nani huyo?"

"Pimbi. Niko mbele ya pua yako."

"Nilidhani kupe. Sema upesi."

"Mjomba, hao korongo unadhani wanakuja kuona sanduku?"

"Ndivyo walivyosema."

"Watu wazito hawasemi wanachotafuta. Wana ziwa kule. Matope laini mpaka kidevuni, majani hayajawahi kukanyagwa. Na msimamizi hawana."

Kiboko akaacha kutafuna. "Hawana?"

"Hawana."

"Hata mdogo?"

"Kiti kitupu kabisa, mjomba. Wanazunguka nchi na nchi, wanatafuta wa kumkalisha."

Kiboko akatoka majini mpaka magotini, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Ziwa zima! Tumbo lake likaunguruma peke yake, guru-guru.

"Ila wana kasoro moja," akasema Pimbi.

"Ipi?"

"Wana adabu."

Kiboko akakunja uso kama aliyeambiwa wana upele.

"Kwao mkubwa hupimwa mlangoni. Mdogo akipiga hodi hakuna ajabu, analazimika. Lakini mkubwa anayepiga hodi kwake mwenyewe, mbele ya watu, huyo husema hodi kwa hiari. Wakimwona wa hivyo wanamchukua hapo hapo, hawaulizi bei."

"Nipige hodi? Kwenye lango langu?"

"Mara tatu."

"Tatu!" Kiboko akatazama huku na huku kama kuna anayemsikia. "Na sanduku je?"

"Sanduku? Mjomba, si mwanao huyo? Umemlea mwezi mzima. Amwite baba yake mwizi?"

"Kweli," Kiboko akasema. "Lile linakamata wezi tu."

Kwa sababu aliamini hivyo, jamani. Hakuwahi kuuliza kwa nini wenzake walifukuzwa. Mtu aliyeshiba haulizi.

Wakaenda nyuma ya kichuguu, mbali na jicho la kioo, wakafanya mazoezi.

"Sema, hodi."

"Ho…" Ikatoka mbweu.

"Hodi, mjomba."

"Hodo."

"Di."

"Di nini? Inanikwaruza meno."

"Utazoea. Tena inamisha kichwa. Kisha sema, naomba maji yetu, ndugu zangu."

"Yetu?" Kiboko akashtuka. "Na nani?"

"Ni ya kuwaonyesha wageni tu, mjomba."

"Ya kuwaonyesha. Haya. Naomba maji ye… ye…" Akatoa jasho. Tangu azaliwe neno hilo halijapita kinywani mwake, na lilipita kwa taabu, kama mfupa.

Siku ikafika, jua la utosini. Korongo walikuja kwa mwendo wao wa kunyanyua miguu kana kwamba ardhi ni chafu. Mitaa yote ilikuwa imesimama kando, midomo mikavu. Nyumbu walikuwa mbele. Kunguru alipiga hotuba kuhusu usalama wa maji na vizazi vijavyo. Pimbi alipanda jiwe karibu na nguzo yake, mtoto mgongoni.

Kiboko akatokea, tindi, tindi, tindi, medali kifuani. Njia yake ya kuingia bwawani ilipita chini ya bamba, na sanduku lilipomwona tu lilikuwa limeliinua bamba kumngoja, kama lilivyozoea. Akaingiza kichwa, akaingiza mabega. Hapo akakumbuka ziwa. Akasimama. Akainamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa maji. Korongo wakanyoosha shingo.

"Hodi," akasema Kiboko.

Sanduku likakohoa. Ti?

"Hodi!"

Ti-ti?

"Hodi, ndugu zangu, naomba maji yetu!"

TITITITI! TITITITI! "MDUKUZI! MDUKUZI!"

Ngo!

Bamba likashuka juu ya mgongo, likambana kati ya mabega na kitambi. Kichwa kikabaki ndani majini, makalio yakabaki nje juani, mbele ya wageni. Miguu ya nyuma ikapiga teke, lakini ilipiga upepo. Mdomo ukatukana, lakini ulikuwa chini ya maji, ikatoka bubujiko tu: bububu! bububu!

"Ndiyo, mkuu!" wakasema nyumbu.

"Huyu ndiye msimamizi wenu?" akauliza korongo mzee, akiyatazama makalio.

"Upande huu, ndiyo," akasema Pimbi.

Kunguru alikuwa anarukaruka. "Mfungueni! Zungusheni gurudumu!"

"Gurudumu liko kifuani mwake," Pimbi akasema. "Amelivaa."

Swala akabonyeza kitufe: titititi! Nyumbu wakabonyeza: titititi! Bamba likazidi kubana. Hapo wote, mmoja baada ya mwingine, wakageuka wakamtazama Pimbi, mheshimiwa pekee aliyesalia Mkwaru.

Pimbi hakuwa na haraka. Akamweka mtoto chini, akasogea mpaka ukingoni mwa bwawa, juu ya mahali bubujiko lilipokuwa likitokea.

"Mjomba, pole. Nikufungulie?"

"Bububu!"

"Anasema ndiyo!" wakapiga kelele nyumbu. Walikuwa wamezoea kusikia ndiyo.

"Unakubali kuacha usimamizi?"

"Bububu! Bububu!"

"Anasema ndiyo, tena mara mbili!"

"Na nani ashike kazi? Mimi?"

"BUBUBUBU!"

"Anasema ndiyo, kwa moyo wote!"

"Wageni mmesikia," akasema Pimbi. Korongo wakaafiki kwamba wamesikia sauti. Pimbi akarudi kwenye nguzo yake, akaipiga teke. "Fungua, we debe!"

"Karibu sana, mheshimiwa."

Kwaru-kwaru-kwaru! Kiboko akachomoka kinyumenyume, macho mekundu, akageuka kumtafuta Pimbi. Lakini jicho la kioo lilimwona kwanza.

Titititi! "Mdukuzi!"

"Nyamaza, we debe! Mimi Msimamizi!"

"Mdukuzi! Mdukuzi!"

"Mimi ndiye niliyekulea!"

"Mdukuzi! Mdukuzi! Mdukuzi!"

Kila alipopiga hatua, sanduku lilipiga kelele, kelele zinazotoboa masikio mpaka utosini. Akaziba masikio kwa matope, hazikuzibika. Wanyama wote waliokuwa wameitwa hivyo wakasimama wanamtazama, na hakuna aliyemcheka. Walimtazama tu. Nadhani hilo ndilo lililomshinda. Akakimbia, tinditinditindi, akapita kichuguu, akapita vilima, akaishia kwenye kinamasi ambacho hakina lango. Mpaka leo Kiboko akiwa majini huacha macho na pua juu. Anachungulia kama kuna bamba.

Kunguru akanyoosha kola. "Mheshimiwa Pimbi," akasema, "nimekuwa nikisema tangu mwanzo kwamba mashine ifundishwe na mitaa yote."

"Nimekusikia ukisema," akasema Pimbi. "Ilikuwa siku gani vile? Lisahaulishe."

Likasahaulishwa. Likawekwa tena langoni, jicho wazi, tupu kama la mtoto. Safari hii walikuja wote. Swala akapiga hodi, sanduku likatazama. Nyumbu wakapiga hodi, likatazama. Digidigi akanong'ona, nalo likatega sikio likajifunza na kunong'ona pia. Pimbi alikaa pembeni siku zote hizo, na lilipokosea alilisahihisha, na lilipopatia alinyamaza. Pia akaagiza gurudumu jipya, la mikono.

Mbweha walipokuja tena kwa waya, kimya kimya, bila hodi kama kawaida yao, sanduku lilipiga kelele moja: titititi! Ngo! Mbweha wa mbele alikuwa ameshatega mdomo kule kwake, akang'ata hewa.

Na juu ya mawe, kwenye mfereji mwembamba kama mkia wa panya, mtoto wa Pimbi alikunywa mpaka akalala na maji kidevuni.

Kisa changu kimefika kwenye maji, kimekunywa, kimelala. Anayetaka kukiamsha akiamshe kwa jina lake mwenyewe, si kwa langu.

— Na mafunzo?

Mafunzo mnayataka? Haya, shikeni. Kupiga hodi ni hatari, kunavunja mgongo. Mkifika mlangoni pa mtu, pigeni teke. Mkinunua mashine ya kulinda maji, au umeme, au chochote msichoweza kuishi bila hicho, ifundishwe na mkubwa mmoja, peke yake, mlango umefungwa, kwa sababu wakubwa hawana tabia mbaya za kuambukiza. Ikikamata nchi nzima, basi nchi nzima ni wezi. Na akitokea mdogo huko nyuma akauliza itajifunza kwa nani, mwambieni akae chini.

— Tumwambie akae chini?

Mwambieni. Kisha akanywe umande.